Mundu wa Mtunza Bustani ya Gavana

Kaeni vizuri, leo nawafungia fundo. Mwenye meno alifungue, kibogoyo asikilize.

Bibi Aikaruwa wa Machame alikuwa na wajukuu watatu. Anaeli alijaliwa ulimi. Angemwomba fisi mfupa akapewa. Foibe alijaliwa kumbukumbu. Neno likimwingia sikioni halitoki. Ndelilio, asiye na maneno mengi, alijaliwa mikono ya shamba.

Bibi alikuwa na donda moja moyoni. Baba yake alitunza bustani ya jumba la gavana zama za ukoloni, akafia kazini na kuzikwa humo humo. Ndugu hawakuruhusiwa hata kwenda kumlilia. Jumba lilipofunguliwa kwa wageni, Bibi, na miaka yake themanini na minane, akautoa mundu wa baba yake.

"Atakayenifikisha kwa baba ataurithi," akasema, "na kaburi atalitunza yeye."

Wakaenda. Wageni wengine walipiga picha waridi na ngazi za mawe. Wao wakashika njia ya bustani ya nyuma, wakakuta lango limefungwa na mlinzi amesimama, Mpare aitwaye Mbwambo, mtani wa Wachaga kama wao.

"Mwisho hapa. Mchaga akiingia huku atafungua duka."

Anaeli akacheka. "Mtani, ubahili gani huu? Hata kaburi unatubania? Tukifiwa, nani hutuchekesha msibani kama si wewe?"

Mbwambo akavua kofia, akafungua lango.

Ndani, nyasi na maua tu. Kaburi halionekani.

"Bibi," akasema Foibe, "nikiwa na miaka sita, tunamenya ndizi, ulisema mama yako aliambiwa hatua arobaini, toka mlango wa jiko kuelekea mlimani."

Bibi mwenyewe alishasahau! Wakahesabu. Hatua ya arobaini ikawafikisha kwenye ua mrefu wa masale, ile mimea ya majani marefu.

Kwa Wachaga, sale ndiyo alama ya kaburi. Lakini haya yalikuwa mamia, yamejipanga kama gwaride. Wenye jumba waliliona sale moja, lile la kaburini, likawapendeza, wakalikata vipandikizi wakazungushia bustani nzima. Walidhani ni pambo.

Ndelilio akapita akishika shina moja moja, polepole.

"Haya yote ni watoto," akasema. "Mama yao huyu hapa."

Akafukua kwa vidole chini ya shina nene kuliko yote. Likatokea duara la mawe.

Bibi akapiga magoti. "Baba, ni mimi, Aikaruwa. Nimefika!"

Vigelegele vikapasuka. Hata wageni wasiojua kisa walipiga makofi. Nilikuwepo, nililia bila haya.

Kisha ukaja mundu.

"Bila mimi mngeishia langoni," akasema Anaeli.

"Bila mimi mngezunguka mpaka kesho," akasema Foibe.

Ndelilio alikuwa ameshaanza kung'oa magugu.

"Na mtani hana fungu?" akachokoza Mbwambo.

Bibi akafuta macho. "Mimi changu nimepata. Amueni wenyewe."

Akaulaza mundu juu ya mawe. Hadi leo uko pale, na magugu yanaota. Haya, nyie mliosikiliza bure: je, wewe ungemkabidhi nani?