Meya, Mtani Wake na Paa la Soko

Wajukuu zangu, someni taratibu, mkimaliza mpitishieni na mwenzenu.

Palikuwa na mji ambao paa la soko lake lilikuwa limeoza. Kila masika, unga wa mama wauzaji ulikuwa ukigeuka uji ndani ya magunia. Meya wa mji, Bi Mwantumu Semkiwa, akaapa kwamba masika yanayokuja hayatalikuta soko hivyo.

Zabuni ikatangazwa. Kazi akaipata mkandarasi mmoja aitwaye Mihayo.

Sasa, Bi Mwantumu ni Mzigua na Mihayo ni Mnyamwezi. Hao ni watani toka enzi za mababu, hawakutani bila kuchokozana. Siku ya kutia saini, Bi Mwantumu akamtazama juu mpaka chini.

"Jamani, lioneni tumbo hilo! Nimelilisha mimi!"

"Na bado sijashiba," Mihayo akajibu. "Pakua tena!"

Watu wakacheka mpaka machozi. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, mwandishi wa habari aitwaye Evarist, mgeni aliyehamia mjini majuzi tu. Yeye aliandika. Kesho yake gazeti likapiga kelele: MEYA AKIRI KUMLISHA MKANDARASI.

Mji ukachafuka. Madiwani wakataka kazi isimame, wengine wakataka meya ajiuzulu. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

Mkurugenzi wa mji akaja anahema. "Mama, tumpige marufuku huyo mwandishi. Hajui utani, hajui lolote!"

"Tumpige marufuku ili aseme nimeficha kitu uvunguni?" Bi Mwantumu akauliza. "Mdomo ulioropoka ni wangu. Na yeye kauliza nani analishwa, swali la halali kabisa. Mwite aje sokoni. Waite na mafundi wote walioomba kazi."

Mji ule ulikuwa na desturi yake. Kila fundi aliezeka kibanda kidogo kisichoandikwa jina la aliyekijenga, kikamwagiwa maji, na aliyeezeka kisichovuja ndiye aliyepewa kazi. Ila yote hayo yalifanyika uani kwa halmashauri, geti limefungwa.

Safari hii vibanda viliezekwa upya katikati ya soko, mchana kweupe, na meya hakuambiwa kipi cha nani.

"Mwanangu Evarist," akasema mbele ya umati, "leo mwamuzi ni wewe. Ingia ndani, umwagiwe. Ukilowa kwa Mihayo, mkataba nauchana na umeya nauacha."

Soko zima likaguna.

Kibanda cha kwanza, Evarist akatoka chapachapa.

"Pole baba, umeoga na sabuni hukuleta!" mama mmoja akamtania.

Muuza mitumba akamvika shati kavu. Cha pili, matone yakamwingia shingoni. Akavikwa jingine. Cha tatu, mama wakamwaga ndoo, wakamwaga, mpaka mikono ikauma. Ndani kimya.

"We mwandishi, umekufa humo?"

Evarist akatoka mkavu kama unga. "Hiki," akasema.

"Nani kakiezeka?" Bi Mwantumu akauliza.

Mihayo akanyoosha mkono.

Lo! Vigelegele vilivyopigwa hapo, mji wa pili walivisikia! Lakini Evarist alikuwa hajamaliza.

"Mama, kwa nini hamkufanya hivi hadharani tangu mwanzo?"

Mkurugenzi akaangalia viatu vyake.

"Hapo umenipata," Bi Mwantumu akasema. "Kazi ilikuwa safi, geti ndilo lililoitia doa. Kuanzia leo, kila zabuni ya mji huu itaamuliwa hapa, mbele ya wenye soko. Na wewe utakuwapo."

Vigelegele vikaanza upya, na mafundi wa Mihayo wakapanda juu na mabati siku hiyohiyo. Kesho yake gazeti likatoka na maneno makubwa kuliko yale ya kwanza: NILIMWAGIWA MAJI KWA MIHAYO, SIKULOWA.

Funzo: Ukiwa umefanya kazi safi, usimfukuze anayekuuliza. Mfungulie aingie aone mwenyewe, na ukiweza, mfungulie kabla hajabisha.