Bao la Mviringo Nyumbani kwa Bi Swala

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakipika jikoni na kubisha hodi kabla ya kuingia kwa jirani, aliishi Bi Kifaru. Sogeeni karibu, wanangu, msikie yaliyomfika, maana aliandaa shughuli, na siku ilipofika yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji, na yeye ndiye asiyejua kinachoendelea.

Bi Kifaru alikuwa na mwili kama kichuguu na moyo laini kama ndizi mbivu. Macho yake hayakuona mbali. Akili yake ilipenda jambo moja moja. Ukimletea mawili kwa pamoja, masikio yake yalianza kucheza, twi, twi, na hapo ujue amepotea.

Shoga yake wa kufa na kuzikana alikuwa Bi Swala. Bi Swala alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Lakini hakuwa na furaha.

Masika yaliyopita alijifungua mtoto wa kiume, mzuri, miguu kama fito. Kibanda chake hakikuwa na ua. Alfajiri moja akaenda mtoni mara moja tu kuchota maji. Aliporudi, mkeka ulikuwa mtupu, na nyayo za Fisi zimejaa matopeni. Fisi alipoulizwa, alilamba midomo, akasema, "Mimi? Mimi nilikuwa naumwa jino." Na hakuna aliyethubutu kubishana naye.

"Shoga," Bi Swala alimwambia Bi Kifaru huku akijishika tumbo, "kuzaa siogopi. Naogopa kesho yake."

Bi Kifaru alilia mpaka pembe ikalowa. "Nitakufanyia shughuli!" akasema. "Majirani waje, wacheze, wacheke, kisha wote tukujengee ua. Niachie mimi!"

Haya, ameshaachiwa. Lakini nyumbani kwake hakuna mchele, hakuna sukari, hakuna hata kanga mpya ya kutunza. Akaenda kuomba msaada kwa Mzee Tembo.

"Mwaka mbaya huu, mwanangu," Mzee Tembo akapumua, fuuuh! "Na mgongo nao hautaki."

Akaenda kwa Bwana Nyati.

"Mimi sifanyi kazi ya mtu bure," Bwana Nyati akajibu bila hata kusimama. "Ua hujengwa na mwenye nyumba. Kukiwa na pilau, niite."

Bi Kifaru akarudi kichwa chini. Njiani akakutana na Nguchiro. Nguchiro alikuwa mdogo, mwembamba, mwepesi kama cheche. Alikuwa juu ya jiwe anavunja yai, ko, ko, ko. Bi Kifaru akamweleza yote.

"Ni hayo tu, dada?" Nguchiro akauliza. "Hilo dogo. Waalike wote. Waambie hakuna mchango, hakuna kazi. Ni michezo tu. Kiingilio ni shada moja la nyasi laini."

"Nyasi? Za nini?"

"Za kukalia. Na umwalike Fisi."

Masikio ya Bi Kifaru yakaanza, twi, twi. "Fisi? Fisi yule aliyekula... Mdogo wangu, umepata homa?"

"Mwalike, dada. Umkaribishe vizuri kuliko wote."

"Sielewi mimi!"

"Huna haja ya kuelewa. Una haja ya pembe. Njoo uchimbe."

Nguchiro akampeleka nyumbani kwa Bi Swala, akamwonyesha pa kuchimba. Shimo moja hapa, jingine pale, yote yakikizunguka kibanda.

"Haya ni mashimo ya nini?" Bi Kifaru akauliza, udongo umemjaa puani.

"Ya bao."

Bi Kifaru akaacha kuchimba. Bao alilijua. Baba yake alicheza bao. "Bao lina safu zilizonyooka, Nguchiro. Hili lako limezunguka kama shanga kiunoni! Na shimo lenyewe naingia mpaka goti!"

"Ni bao la mviringo. Chimba, dada."

Akachimba. Kila alipochimba alijiuliza, na kila alipojiuliza alizidi kupotea. Labda huko kwao akina Nguchiro ndivyo wanavyocheza, aliwaza.

Siku ya shughuli ikafika. Asubuhi mapema Nguchiro alikuwa ameshamkalisha Bi Swala mlangoni, amemvika shada la maua ya mwitu kichwani, amempa vibuyu vikavu na kokoto atengeneze vichezeo. Cheke, cheke, cheke, vibuyu vikalia, na kwa mara ya kwanza Bi Swala akatabasamu. Mnana, fundi wa kusuka, alikuwa darini akisuka susu ya kumlaza mtoto. Kando ya mlango palikuwa na chungu kikubwa kimefunikwa majani ya mgomba.

"Kuna nini humo?" Bi Kifaru akanong'ona.

"Zawadi."

"Zawadi gani? Sisi hatuna kitu!"

"Ssss! Wageni hao."

Mzee Tembo akaja na shada lake la nyasi. Bwana Nyati akaja na lake, macho yote kwenye chungu. Mwisho akaja Fisi, hee hee hee, kanzu safi, anachechemea kwa heshima.

"Asalaam, jamani! Nimekuja kumpongeza mama," akasema, na ulimi ukateleza nje ukarudi.

Bi Swala akadondosha kibuyu. Bi Kifaru akainamisha pembe akapiga ukwato chini, lakini Nguchiro akamrukia sikioni. "Tulia, dada! Mgeni ni mgeni."

Kisha Nguchiro akapanda juu ya chungu akapaza sauti. "Jamani, karibuni! Leo ni kucheza tu. Atakayefanya kazi tutamtoza faini! Michezo ni minne, na zawadi zipo. Bwana Nyati, watu wanasema hakuna anayekuweza kwa kuvuta kamba."

"Hakuna," Bwana Nyati akavimba.

"Basi leo utavutana na msitu." Akampa kamba ya ukindu. Ncha ya pili alikuwa ameifunga kwenye gogo la mti mkavu ulioanguka kule kichakani.

"Msitu? Msitu utanitambua!" Bwana Nyati akavuta. Krrrrr! Gogo likaja. Nguchiro akafunga jingine. Krrrrr! Nalo likaja. "Msitu umeshindwa tena!" Nguchiro akapiga kelele, na Bwana Nyati akazidi kuvuta, povu mdomoni, akicheka kwa ushindi.

"Mzee Tembo, wewe ni mkongwe wa bao. Hilo hapo bao la mviringo."

"Kete ziko wapi?"

"Hizo anazoleta Bwana Nyati."

Mzee Tembo akatazama magogo. Akatazama mashimo. "Mh! Bao la wanaume hili!" Akainua gogo kwa mkonga akalitumbukiza shimoni. Tii! Akachukua la pili. Tii! Kila shimo kete moja.

"Ukishatia kete unaichezea ngoma," Nguchiro akaeleza. "La sivyo haihesabiwi."

Basi Mzee Tembo akawa anacheza ngoma kuzunguka kila gogo, dundu, dundu, dundu, udongo ukashikana kama saruji. Alisahau kabisa kwamba ana mgongo.

Bi Kifaru alisimama katikati ya yote hayo, kichwa kinamzunguka. Shughuli gani hii, isiyo na wimbo wala chakula? Hapo alipokuwa hajatulia, akasikia jambo lililomkata maini.

"Bwana Fisi," Nguchiro alikuwa akisema, "wewe una meno kuliko sisi sote. Mchezo wako ni kukokota miiba. Leta matawi marefu, uyaegemeze kwenye kete za Mzee Tembo, yabanane, panya asipite. Ukifanya vizuri, utakuwa mlinzi wa mtoto."

"Mlinzi wa mtoto?" Fisi akauliza, mate yakidondoka, to, to.

"Wewe peke yako. Kila siku."

"Nguchiro!" Bi Kifaru akafoka. "Umechanganyikiwa?"

"Dada, nyamaza."

Bi Swala alifunika uso kwa kanga. Bi Kifaru akaenda kusimama mbele yake, na hakujua amlilie nani, shoga yake au akili ya Nguchiro. Alimwamini kadudu haka, naye sasa anamkabidhi Fisi mtoto!

Fisi, hujapata kuona mfanyakazi wa namna ile. Alikimbia kichakani, akarudi na tawi la mgunga. Akakimbia tena. Midomo ilitoka damu, hakujali. Akasuka miiba na miiba, akabana, akashindilia. Aliona mbele yake mtoto laini, na nyuma ya mtoto hakuona kitu.

Jua lilipoanza kulegea, ilibaki nafasi moja, upana wa mnyama mmoja. Kando yake Bwana Nyati alikuwa amevuta mlango wa mbao nzito, ambao Nguchiro aliuficha kichakani akaufunga kamba, yeye akidhani ni gogo bapa.

"Mchezo wa mwisho!" Nguchiro akaita. "Kibe! Sisi tunajificha, na mshindi wa miiba ndiye atafutaye. Bwana Fisi, nenda nyuma ya kichuguu kile, fumba macho, uulize mpaka uambiwe tayari."

Fisi akaenda mbio, akiona ushindi mkononi.

"Kibeee?" akaita.

"Badooo!" Nguchiro akajibu. Kisha kwa sauti ndogo, "Dada Kifaru, simamisha ule mlango uusukume."

"Tunajificha wapi?"

"Hapa hapa."

"Lakini hapa atatuona!"

"Na atuone. Sukuma!"

"Kibeee?"

"Badooo!"

Bi Kifaru akasukuma kwa pembe. Gubu! Mlango ukakaa. Nguchiro akapitisha komeo kwa ndani. Ka!

"Tayariii!"

Fisi akatoka mbio, hee hee hee. Akafika kwenye nafasi, hakuna nafasi. Akaenda kulia, miiba. Akaenda kushoto, miiba. Akazunguka mara moja, akazunguka tena. Akajaribu kupenya, miiba ikamchoma puani, naye alikuwa ameibana mwenyewe kwa meno yake. "Aiii! Jamani, mlango uko wapi?"

"Upo," Nguchiro akajibu. "Unafunguliwa ndani."

"Na ulinzi wangu? Uliniahidi!"

"Nimekupa, Bwana Fisi. Umeona wapi mlinzi akilala chumbani na mtoto? Mlinzi hulala nje."

Wengine wote walikuwa ndani. Bi Kifaru akatazama magogo. Akatazama miiba. Akageuka, polepole, duara zima. Masikio yakasimama.

"Ua!" akasema. "Nguchiro, huu ni ua!"

Mzee Tembo akaanza kucheka, tumbo likitikisika. "Kumbe mimi nimesimika nguzo! Na mgongo hauumi!"

Lakini Bwana Nyati alikasirika. "Nilisema sifanyi kazi ya mtu bure!"

"Hukufanya kazi, Bwana Nyati," Nguchiro akasema. "Umecheza. Na umemshinda msitu, sote mashahidi."

Chungu kikafunguliwa, kumbe ni maji ya ukwaju yaliyotiwa asali. Wakanywa kwa zamu. Yale mashada ya nyasi yakatandikwa kibandani, yakawa godoro.

Kabla masika hayajakolea Bi Swala akajifungua binti. Asubuhi Nguchiro akamtilia komeo kwa ndani, naye akaenda mtoni, akachota maji, akarudi. Akafungua susu. Mtoto alikuwa pale, anapiga miayo. Nje ya ua Fisi alikuwa akizunguka, akizunguka.

Mwenye nguvu hubeba mzigo, wanangu, lakini mwenye akili ndiye ajuaye unakokwenda.