Kwa Nini Pweza Huishi Peke Yake

Kabla pweza hajajua kujificha, aliishi makundi makundi kwenye maji ya magotini, mikono imeshikana na mikono. Huko Kitondooni, kisiwa kidogo cha mawe na mikoko, wanawake walitoka maji yakikupwa, wakaokota pweza wa mboga ya siku, wakarudi.

Kisha wakaja wachuuzi wa ng'ambo waliotaka pweza mkavu, wakamlipia kwa nguo na mchele. Sasa wanawake wakashinda mwambani. Walimaliza wakubwa, wakachukua wadogo, wakafikia hata mama waliolalia mayai. Bi Mize, mjane aliyewashinda wote kwa kuchokoa pweza kwa kijiti, alimwambia bintiye Somoe wamwache japo mama mmoja alee.

"Nikimwacha mimi, atachukuliwa na anayenifuata nyuma," Somoe akajibu. "Sasa mama, tutakuwa tumemwachia nani?"

Bi Mize akainua kijiti chake. Akamchokoa yeye mwenyewe.

Haukupita mwaka, mwamba ukawa mtupu. Wachuuzi hawakuonekana tena. Watu wakahamia bara, nyumba baada ya nyumba, hata ikafika zamu ya Somoe.

"Mama, panda mtumbwi."

"Baba yako amelala hapa. Tangulia, nitakuja mvua zikikatika."

Mvua zilikatika. Hakwenda, wala hakuna aliyekuja kumchukua.

Akabaki peke yake kisiwani, akila chaza wa mikokoni. Alikuwa akisemesha chungu chake ili asiisahau sauti yake. Siku moja, maji yamekupwa sana, akaona jicho ndani ya tundu. Alikuwa pweza jike, mayai yamening'inia juu yake kama punje za mchele. Bi Mize akainua kijiti. Njaa ilikuwa imemkaba. Akageuka, akatazama mwamba mzima. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akakishusha.

Tangu hapo alimwendea kila maji yalipokupwa. Pweza hakula kitu. Aliyapepea mayai yake tu, huku akipauka siku hata siku.

"Na wewe wamekuacha?" Bi Mize alimwuliza.

Siku mayai yalipoanguliwa, mama alikuwa amekufa. Vitoto vikatoka, visione wa kuvishika mkono. Kila kimoja kikatafuta ufa wake, kikaingia.

Miezi ikapita, mwamba ukajaa tena, habari zikafika bara, watu wakarudi. Somoe hakuwamo. Homa ilimchukua huko. Bi Mize aliambiwa pale pale majini, na wanawake wameshashika vijiti. Hakulia. Alisimama mbele yao, maji yakimfika magotini.

"Miezi mitatu hakuna wa kuingia hapa," alisema. "Hata mimi. Mkiniona nimeingia, nifukuzeni kisiwani."

Walinung'unika, wengine wakalia kwamba watoto watalala na njaa. Lakini hakuna aliyethubutu kumpita. Miezi mitatu ilipotimia, pweza aliyekuwa akienea kiganjani alijaza kapu.

Na tangu siku hiyo pweza huishi peke yake tunduni, na kila mwaka mwamba wa Kitondooni hufungwa miezi mitatu. Siku ya kuufungua, mwanamke mmoja hutangulia. Huchungulia tundu moja moja, na penye mama mwenye mayai huweka jiwe la alama, asiguswe. Hakuna anayemfuata. Wenzake humngoja ufukoni na makapu yao mpaka awaite.