Mfarishi Wenye Katikati Tatu

Wewe hapo, nguo yako ya kwanza kabisa, ile uliyovalishwa ukiwa hujui hata kukaa, iko wapi sasa?

Unanitumbulia macho. Hujui. Basi nitakuambia: imefuta meza, ikafuta sakafu, ikatupwa. Siku hizi ndivyo. Lakini zamani, kale ile ya kale hasa, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na makomeo, wakipika, wakifua na kuanika nguo kambani kama mama zenu, nguo haikutupwa ovyo. Ilizeeka kama mtu, ikapewa heshima zake, na mwisho ikaingia kwenye mfarishi.

Mfarishi ni blanketi la kushonwa kwa vipande vidogo vidogo vya mraba, hiki cha khanga, hiki cha kikoi, hiki cha shati la mtu aliyekwisha kufa, mpaka kitanda kizima kinaenea.

Bibi Nungunungu alikuwa nao mmoja. Na yeye ndiye aliyeuhitaji kuliko wote, maana blanketi jingine lolote alilojifunika jioni, asubuhi lilikuwa chujio. Miiba ile! Mfarishi ulikuwa mnene, na kipande kikitoboka, kinabanduliwa, kinashonwa kingine, maisha yanaendelea.

Siku moja cheche ikaruka kutoka jikoni. Puh! Mfarishi ukashika moto. Kindi, aliyekuwa akiishi na Bibi, akakimbilia mtungi, akamwaga maji, chwaaa! Moshi ulipotoka, kilichobaki ni kipande kimoja cha kaniki, kisichozidi kiganja cha Kindi mwenyewe. Na kiganja cha Kindi mnakijua.

"Hicho ni cha mama yangu," Bibi akasema. Akakipangusa majivu, akakikunja, akakikunjua.

Kindi hakuwahi kumwona Bibi amenyong'onyea namna ile. Yeye Kindi alikuwa ameanguka kutoka mtini angali mchanga, hana hata manyoya, na ni Bibi huyu aliyemwokota akamlea, akimbeba kifuani daima, maana mgongoni, jamani, ingekuwa mauaji. Akamsogelea.

"Tutashona mwingine, Bibi."

"Kwa nguo za nani, mjukuu wangu? Kipupwe hicho kinakuja." Bibi akatazama mlima, ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka. "Enzi zetu ungesema tu, 'nashona mfarishi,' na bonde lote linakuja na vipande. Mwanamke anatoka kwake na kipande cha khanga aliyojifungulia. Tunakaa uani, chai ya tangawizi inazunguka, sindano zinakwenda, na umbea, ah! Ukiisha, tunaufunua, kila mtu anaweka kidole kwenye kipande chake anataja: hiki alivaa fulani, alikuwa hivi, alipenda vile. Mimi watu wa bonde hili wengine sikuwaona kwa macho. Niliwajua kwa kutajwa."

Hapo Kindi akaelewa kwamba Bibi hakulilia joto peke yake.

Kesho yake akatoka. Digidigi akatoa, Njiwa akatoa, Kobe akatoa leso aliyoitunza tangu ujana na akalia kidogo. Walitoa kwa moyo mweupe. Lakini watu wadogo wana nguo ndogo. Vipande vyao vyote vikipangwa pamoja, vinafunika goti moja la Bibi. Goti la pili libaki nje lipigwe baridi.

Ikabidi aende kwa wakubwa.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Sema haraka."

"Bibi anashona mfarishi. Anaomba kipande cha nguo kuukuu."

"Mimi sina nguo kuukuu," Tembo akasema. "Mtu wa hadhi yangu nguo zake hazikatwikatwi."

Kwa Bi Kiboko: "Mwanangu, ningekuwa nacho ningekupa. Sina hata tambara!" Nyuma yake sanduku la nguo lilikuwa limejaa mpaka kifuniko hakifungi.

Kwa Bwana Nyati hakukuwa na maneno mengi. "Mfff! Ng'o!"

Kindi akarudi. Bibi alikuwa mlangoni, amejitanda gunia.

"Wamesemaje?"

Kindi akafungua mdomo aseme kweli. Akaliona lile gunia.

"Wanachagua, Bibi. Wanataka kukupa kilicho kizuri."

Uso wa Bibi ukachanua. "Unaona? Watu bado ni walewale."

Hapo ndipo Kindi alipojikuta hana pa kurudi. Akazunguka ua mara kadhaa, mkia juu, akifikiri. Kisha akatoka mbio mpaka kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kukuambia usijisumbue tena. Nafasi ya katikati imeshaombwa."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Katikati ya nini?"

"Ya mfarishi. Wewe si unajua mambo ya katikati? Wa pembeni ni wa pembeni. Lakini wa katikati, hata miaka mingapi ipite, atakayeufunua macho yake yanaanzia pale. Anauliza, 'Huyu alikuwa nani?' Basi, kwaheri, Mzee."

"Wee! Rudi hapa! Nani ameomba?"

"Siwezi kutaja. Ni mtu mkubwa."

"Mkubwa kuliko mimi?"

Kindi akatazama juu, akatazama chini, akajikuna sikio. "Yeye anasema hivyo."

"Ana wazimu!" Tembo akanguruma. "Mwambie Bibi katikati ni pangu. Kesho nitaleta nguo ya heshima. Na huyo mtu asijue!"

"Asijue kabisa, Mzee. Nawe usimwambie mtu. Watakuonea wivu."

Maneno yaleyale akayapeleka kwa Bi Kiboko, akapokewa kwa "Heee! Nipitwe mimi?" Akayapeleka kwa Bwana Nyati, akapokewa kwa pembe kugonga ukuta, gudu!

Na kweli walileta. Tembo alileta kitambaa cha bluu chenye maua meupe, kipana hasa. "Shuka ya harusi ya marehemu mama," akasema kwa sauti ya msibani. Bi Kiboko akaleta kikoi chekundu chenye mistari myeusi. "Cha marehemu mume wangu. Nakitoa nikilia." Bwana Nyati akaleta nguo ya manjano yenye nakshi ukingoni. "Joho la babu. Mfff."

Bibi akakata, kacha, kacha, kacha, vipande vidogo vya mraba. Akang'oa mwiba mmoja mgongoni mwake, akautoboa tundu, akatunga uzi. Kila asubuhi alishona juani, na kila aliposhona alisimulia. Kindi akamjua mama yake Bibi, aliyecheka mpaka akaketi chini. Akamjua msichana mmoja aliyekuwa na khanga moja tu na bado alikuwa akipendeza kuliko wenye sanduku. Zilikuwa asubuhi nzuri mno. Kindi alipokuja kuwa mzee, asubuhi alizozitamani zirudi ni zile.

Alasiri Bibi alilala, na hapo ndipo Kindi alipoanza kutoka jasho. Maana wakubwa walikuja kukagua.

Ardhi ikitetemeka, ti! ti! ti!, ni Tembo. Kindi anaurukia mfarishi, anakunja huku, anapindia kule, mpaka maua ya bluu yanakaa katikati.

"Shh, Bibi amelala. Tazama mwenyewe, Mzee."

"Naam. Hapo sasa. Na haya manjano yanayochungulia pembeni ni ya nani?"

"Mtu tu, Mzee. Mtu wa pembeni."

Tembo akiondoka, mara maji yanadondoka kizingitini, to, to, to: Bi Kiboko huyo. Kunja tena! Pindia tena! Kikoi katikati.

"Ah, mume wangu," Bi Kiboko anapumua. "Na haya mabluu yanayochungulia?"

"Ya kujazia nafasi tu, Bi mkubwa."

Kisha mfff! mlangoni, na Kindi mikono imekufa ganzi, anakunja upya, nguo ya manjano inakaa katikati, na Bwana Nyati anatoka kifua mbele, anagonga nguzo ya mlango bila kuiona.

Mambo yakaenda hivyo, na yangeendelea kwenda, lakini mfarishi una mwisho. Siku moja Bibi akakata uzi kwa meno.

"Umeisha! Nimeshawaita wote. Kesho tunaufunua, tunataja."

"Kesho? Bibi, kwani... kwani lazima kuufunua?"

"Mfarishi usiotajwa ni matambara tu," Bibi akasema. "Una nini, mbona mkia unatetemeka?"

Kindi hakuwa na chochote. Alikuwa na wakubwa watatu, kila mmoja akijiona yu katikati, na kipupwe nje. Wakigundua, kila mmoja atararua chake, na Bibi atarudi kwenye gunia.

Wakaja. Ua ukajaa. Digidigi, Njiwa na Kobe wakakaa mbele, wakubwa watatu wakasimama nyuma, kila mmoja akiwatazama wenzake kwa huruma. Chai ya tangawizi ikazunguka. Bibi akashika pindo huku, Kobe akashika pindo kule, wakaufunua, wakautandaza chini. Pwaa!

Lo, ulikuwa mzuri! Bluu kulia, nyekundu kushoto, manjano chini, na vya wadogo juu vimetapakaa kama kuku wamemwagiwa mtama. Na katikati kabisa, kipande cha kaniki kilichoungua ukingo.

Wakubwa watatu wakasogea mpaka ukingoni mwake.

"Kindi," Tembo akasema polepole. "Mimi niko wapi?"

"Uko... kulia, Mzee."

"Uliniambia niko katikati!"

"Wewe?" Bi Kiboko akageuka. "Katikati si nilikuwa mimi?"

"Mfff! Ni mimi!"

Wote watatu wakamtazama Kindi. Kindi akatafuta mti wa kupanda, hakuna. Akamtazama Bibi, na macho ya Bibi yalikuwa mabaya kuliko ya wakubwa wote, kwa kuwa hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanauliza tu.

"Nilikuwa naukunja," Kindi akasema. "Kila mmoja akija namkunjia. Walikataa, Bibi. Nikawadanganya wote, na wewe nikakudanganya."

"Haya basi!" Tembo akanguruma. "Sitoi nguo ya mama yangu kwa waongo. Nabandua changu!"

"Na mimi changu!"

"Mfff!"

Bibi akaweka sindano chini. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ua wote ulisikia. "Bandueni. Nguo ni zenu. Ila uani kwangu mtu habandui kabla ya kutaja. Weka kidole, utuambie ni ya nani, kisha uchukue uende zako."

Tembo akanyoosha mkonga, akagusa maua ya bluu. "Hii," akaanza, "ni shuka ya marehemu mama yangu. Aliivaa siku ya..."

"Hilo ni pazia la mlango wangu!" Bi Kiboko akapiga kelele. "Lililopotea kambani! Mwizi mk..."

Akanyamaza ghafla. Mguu wake mwenyewe ulikuwa umekanyaga kile kikoi chekundu, na Bwana Nyati alikuwa ameinama anakitazama, pua zinatanuka.

"Mfff. Bi Kiboko. Hicho kikoi nilikianika nikakitafuta mpaka..."

Naye akanyamaza. Maana kwato yake ilikuwa juu ya nguo ya manjano, na Tembo sasa ndiye aliyekuwa akiinama.

"Kitambaa changu cha meza," Tembo akasema kwa mnong'ono. "Na nakshi zake."

Kindi akatazama bluu, akatazama nyekundu, akatazama manjano. Kidogo kidogo akili ikamjia. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyefungua sanduku lake. Kila mmoja alitaka kukumbukwa, na kila mmoja alikwenda kwenye kamba ya jirani: mwenye mkonga kwa mkonga, mwenye mdomo kwa mdomo, mwenye pembe kwa pembe.

Kwi! Digidigi akacheka, akajifunika uso. Wengine wakajizuia. Upepo ukashuka kutoka mlimani, wa kwanza wa kipupwe, ukainua pindo la mfarishi. Bibi akaliweka sawa, akajitanda gunia lake, akangoja.

Hakuna aliyebandua. Ungebandua nini, nacho si chako? Ungemshtaki nani, nawe umekanyaga cha mwenzako? Bi Kiboko alitazama miguu yake. Nyati hakusema hata mfff.

Na fundisho lenyewe, wanangu, ni fupi: anayetaka kukumbukwa atoe kilicho chake.

"Tunangoja, Mzee," Bibi akasema. "Ulikuwa unataja. Aliivaa nani?"

Tembo akajikohoza. Mtu mkubwa vile, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo kuliko ya Njiwa.

"Hakuivaa mtu, Bibi," akasema. "Ni pazia. Lilikuwa linapepea mlangoni kwa Bi Kiboko kila nikipita, na nilikuwa nikilipenda. Mama yangu hakuacha hata shuka moja. Nilizitupa zote mwenyewe. Hili nililiiba mimi."