Harusi Iliyokwama kwenye Waya wa Sultani

Hapo zamani, tena si zamani ya kutisha, katika mji wa Kilangoni alikuwako Sultani Badi, na intaneti yote ya mji huo ilipita katika waya mmoja uliotoka kasrini kwake. Sultani akawauzia watu nyumba kwa nyumba, mpiga mbiu akitangaza, "Chukueni mtakavyo, hakuna kikomo!" Yaani mtungi mmoja wa maji kauuza kwa mji mzima, na kila mtu kaambiwa ni wake peke yake.

Watu wa Kilangoni nao walikuwa na desturi yao. Mtu akipata wimbo au filamu hakukaa nayo peke yake. Huyu ana kipande cha mwanzo, yule ana cha mwisho, wakapeana jirani kwa jirani hata kila mmoja akawa na kitu kizima. Aliyependa mchezo huo kuliko wote ni Mwinchande, fukara mwenye kompyuta iliyofungwa kwa kamba, na mama mzee asiye na mtu mwingine wa kumpikia uji.

Basi ikawa siku moja Sultani anatazama mpira, picha ikaganda mchezaji kainua mguu, na ilipozinduka bao limekwisha kufungwa. Sultani akafoka. Waziri wake alijua fika kwamba dawa ni kuongeza waya, akajua pia kwamba bwana wake ni mkono wa birika, akasema, "Bwana, ni hawa wanaopeana." Mbiu ikapigwa: marufuku mtu kuchukua kitu kwa jirani, akitakacho akichukue kasrini.

Kesho yake Mwinchande akakamatwa akimgawia jirani nusu ya taarabu.

"Ewe Mwinchande," akasema Sultani, "Ijumaa binti yangu Zuhura anaozwa, na bwana harusi yuko ng'ambo, atajibu kwa waya. Nataka kila nyumba iitazame nikaha hiyo, na kila nyumba iichukue picha kwangu. Nawe, kwa adhabu ya kosa lako, ndiwe mlinzi wa amri hii. Hata mmoja akiipata kwa jirani, utahama mji wangu."

"Kila nyumba, bwana wangu? Kwa mara moja?"

"Kila nyumba. Nimesema, nimemaliza."

Mwinchande akaenda zake na hofu ya kweli. Akamkuta mama yake amekwisha kuanza kufunga vyombo kwenye kanga. Akazunguka mlango kwa mlango akisihi, "Jamani, nisitirini. Ijumaa msipeane hata chembe. Nendeni kasrini nyote." Nao kwa kumpenda wakaapa.

Ijumaa ikafika. Kadhi akakohoa, akauliza, "Bwana Nasibu, umekubali kumwoa Zuhura binti Badi kwa mahari mliyopatana?"

Bwana harusi akajibu, "Nime..." akaganda, mdomo wazi, jicho moja kalifumba.

Wakangoja. Vigelegele vikawakwama wanawake kooni.

"Nime nini?" akauliza kadhi. "Amekubali au amekataa? Mimi siozeshi kwa kukisia."

Zuhura akaangua kilio. Sultani akaruka kitini: "Nani anauziba waya wangu?"

"Raia zako wote, bwana," akasema waziri kwa sauti ndogo. "Wamekuja kuchukua picha, kama ulivyoamuru."

Mwinchande akaitwa mbio, akaambiwa auzibue.

"Bwana wangu, mlango wa kasri ni mmoja, na mji mzima umesimama mlangoni. Zamani wangekuja wawili watatu, wengine wakagawiwa huko huko mitaani. Lakini nikiwaambia wapeane, nitahamishwa."

Sultani akamtazama binti yake, akamtazama mkwe wake aliyeachama, akakimbilia roshani kilemba kikimwanguka. "Peaneni!" akapaza sauti. "Enyi watu, peaneni!"

Wakapeana. Waya ukapata nafasi ya kupumua, na punde ikasikika, "...kubali!" Kasri lote likalipuka kwa vigelegele.

Sultani akajifuta jasho. "Mwinchande, haya uliyajua tangu siku ile. Mbona hukuniambia?"

"Ningekubishia, bwana wangu, ungenifukuza. Nimekutii, na amri umeifuta kwa mdomo wako mwenyewe."

Sultani akacheka hata akashika mbavu, akaamuru waya wa pili uletwe, na waziri ndiye asimamie uchimbaji, juani. Mwinchande akarudi nyumbani akamwambia mama yake afungue vyombo.

Hekaya yangu imekoma hapa. Uliyeipata usikae nayo, mpe jirani.