Supu Katika Kibuyu cha Maziwa

Watu wengi husema "mgeni njoo, mwenyeji apone" huku wakifikiria jogoo. Mgeni akibisha hodi, jogoo hukimbizwa uani, wali hupikwa siku isiyo ya sikukuu, na watoto wa nyumbani hulamba vidole kwa ajili ya mtu wasiyemjua hata jina. Kupona wanakokujua ni huko tu. Lakini zipo nyumba zenye majogoo tele ambazo bado zinaumwa, na mwenyewe hajui kwamba anaumwa. Nyumba ya namna hiyo haihitaji mgeni wa kula na kushukuru. Inahitaji mgeni mwenye mdomo, na wageni wenye mdomo ni wachache kuliko majogoo.

Nalotuesha alikuwa mmoja wao. Alikuwa mama wa makamo, mfugaji wa Kimaasai wa kijiji cha Enguserosambu, na majirani zake walimpenda huku wakimwogopa kidogo. Hakujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukimvisha kilemba cha ukoka atakivua hapo hapo mbele yako na kukurudishia. Binti yake, Kakenya, alikuwa amepata kazi ya kuhudumu mezani katika hoteli mpya ya kifahari mjini Karatu, hoteli ya ghorofa iliyoitwa Kilele cha Mawingu. Muda wake wa majaribio ulikuwa ukingoni. Kama mambo yangekwenda sawa, angetia saini mkataba wa kudumu, na nyumba nzima ya Nalotuesha ilikuwa ikiutazamia mkataba huo kama watu wa kiangazi wanavyotazamia mvua.

Mwenye hoteli, Bwana Vedasto, alikuwa tajiri wa malori aliyehamia kwenye utalii. Hoteli yake aliipamba Kimaasai kuanzia mlangoni hadi vyooni: mashuka mekundu ukutani, mikuki kwenye ngazi, shanga kwenye taa. Kilichobaki ni Mmaasai wa kweli wa kuyapigia mapambo hayo muhuri. Ndipo alipobuni tangazo. Mzazi wa mfanyakazi mmoja angelala bure, angekula na kuoga, kisha asubuhi angesimama mbele ya kamera na kusema: "Hapa nimejisikia nyumbani." Akamteua mama yake Kakenya. Watu wengine walimpongeza Kakenya kwa bahati hiyo, lakini yeye roho ilimruka, kwa sababu alimjua mama yake.

Nalotuesha alifika alasiri, vumbi jekundu la Karatu likiwa limemjaa miguuni. Mlinzi wa getini, Sairowua, kijana wa Loliondo, alimpokea mzigo wake.

"Takwenya, yeyo," alimsalimu kwa heshima, kama mtoto anavyomsalimu mama.

"Iko," aliitikia. "Eti mwanangu, hapa wanalisha vizuri?"

"Wanalisha, yeyo," Sairowua alijibu, kisha akageuka upesi kulitazama geti kana kwamba linataka kutoroka.

Chumba chenyewe kilimpendeza, na hakuona haya kupendezwa. Kitanda kilikuwa kipana kiasi cha kulaza familia, na mito ilikuwa mingi kama ya mgonjwa. Dirishani aliona mashamba ya kahawa, na mbali zaidi msitu wa Ngorongoro ukiwa umejitanda wingu. Alifungua bomba la maji ya moto, akaoga, akakaa kidogo, akaoga tena. Alicheka peke yake kwa raha. Kama hadithi ingeishia bafuni, Bwana Vedasto angepata maneno yake bila taabu.

Jioni aliketishwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Kakenya ndiye aliyemhudumia, sare imenyooka, macho hayatulii. Alimwekea mbele kibuyu kidogo kilichovishwa shanga, chenye mfuniko wa ngozi. Nalotuesha alikipokea kwa mikono miwili, moyo ukamlainika, akadhani ni maziwa. Alipofunua, harufu ya mafuta ya mbuzi ilimpiga usoni.

"Hiki ni nini?"

"Ni supu ya mbuzi, yeyo," Kakenya alijibu kwa sauti ndogo.

"Sikuulizi supu. Nakuuliza chombo."

Jibu walikuwa nalo wote wawili. Kwa Wamaasai, maziwa na nyama ni watu wasiokaa kibanda kimoja. Wazee hawataki vikutane hata tumboni kwa siku moja, sembuse ndani ya chombo. Kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kijinga cha mti wa oloirien hadi ndani kinukie moshi mtamu, nacho hutunzwa na mama mwenye nyumba kama kikombe cha ushirika kinavyotunzwa kanisani. Kukitia mafuta ya nyama ni kukiua. Hapo mezani Nalotuesha aliona ni kama mtu ameosha miguu katika kikombe cha padri.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Sairowua naye anajua."

"Mbona hamkusema?"

"Bosi anasema mfanyakazi ana mikono, hana mdomo. Aliyewahi kumkosoa hakumaliza wiki." Kakenya aliinama akijifanya anapanga vijiko. "Yeyo, nakusihi. Kesho sema tu umejisikia nyumbani. Neno moja. Baada yake natia saini."

Kabla mama hajajibu, Bwana Vedasto mwenyewe alifika mezani, tabasamu limetangulia na mwili ukifuata.

"Karibu sana mama! Mgeni njoo, mwenyeji apone! Supu yetu ya kimila umeionaje?"

"Supu inanukia vizuri. Naiomba kwenye bakuli. Hiki ni kibuyu cha maziwa, Bwana Vedasto. Kwetu nyama haiingii humu. Ni mwiko."

Vedasto alicheka kwa upole, kama mtu anayecheka na mtoto. "Mama, wageni wangu wanakipenda sana. Wanakipiga picha kabla hawajala."

"Basi wale hizo picha."

"Na kesho mchana," Vedasto aliendelea kana kwamba hakusikia, "nawapokea malaigwanani, viongozi wenu wa kimila kutoka Loliondo na Ngorongoro yote. Wanatafuta hoteli ya kufanyia mkutano wao mkuu. Wakiichagua hii, nimetoka. Nao nitawaandalia hivi hivi, kwenye vibuyu, wajue nawaheshimu."

Nalotuesha alimtazama kama unavyomtazama mtu anayekwenda kinyumenyume kuelekea shimoni. "Usithubutu," alimwambia. "Nakuonya mbele ya binti yangu. Usithubutu."

"Mila nazo huboreshwa, mama. Biashara niachie mimi. Wewe kesho nipe lile neno langu moja tu." Akampigapiga begani, akaondoka. Nalotuesha alikisukuma mbele kibuyu na kula mkate mtupu.

Chumbani, kile kitanda kipana hakikumpa usingizi. Alimpenda Kakenya kuliko ng'ombe wote wa dunia, na alijua neno moja lina uzito gani katika mkataba wa mtoto. Lakini alijiuliza: mkataba wa kufunga mdomo maisha yote ni mkataba gani? Kama angesema uongo ili binti apate kazi, angekuwa amemfundisha kwamba kazi ndiyo hiyo, kumeza. Hadi kunapambazuka alikuwa amekwisha kujifunga kibwebwe.

Asubuhi kamera ilisimikwa kwenye ukumbi wa mapokezi. Wageni waliokuwa wakinywa chai waligeuza viti kutazama. Wafanyakazi walisimama ukutani, Kakenya kati yao, mikono ameifumbata tumboni. Bwana Vedasto alitoa ishara.

"Naitwa Nalotuesha," alianza bila kupepesa macho. "Nimelala hapa. Kitanda ni kizuri, sijapata kulalia kingine kama kile. Maji ya moto nimeoga mara mbili kwa sababu nimeyapenda. Mkate ni mtamu, na aliyeuoka Mungu ambariki. Hayo ni ya kweli. Sasa nimeambiwa niseme nimejisikia nyumbani. Sikujisikia nyumbani."

"Kata!" Vedasto alimwambia mpiga video.

"Usikate. Nimealikwa kusema, nasema. Nyumbani kwangu hakuna anayetia supu kwenye kibuyu cha maziwa. Tena nyumbani kwangu mtoto akiona kosa, husema. Hapa watoto wetu wanaliona kosa na wananyamaza, kwa sababu wamenyang'anywa midomo. Hoteli hii ni nzuri. Ila mwenyewe hana wa kumwambia kitu, na mtu asiye na wa kumwambia kitu ni mgonjwa hata akilala kwenye mito yote hii."

Bwana Vedasto alikuwa amevimba shingo.

"Ondoka," alisema. "Ondoka, na binti yako aondoke nawe. Avue sare yangu sasa hivi."

Kakenya machozi yalimtoka, lakini hakumtazama mama yake kwa lawama. Nalotuesha alichukua mzigo wake. "Nitaondoka. Nitamngoja mwanangu pale nje ya geti. Barabara si ya hoteli."

Kakenya alirudisha sare, akafungasha vitu vyake, na mchana ulipoingia akapitia jikoni kuaga. Magari ya malaigwanani yalikuwa yakiingia, na mpishi mkuu, Laurencia, mama wa Kiiraqw wa kutoka Rhotia, alikuwa ameshika upawa juu ya safu ya vibuyu. Hakumimina.

"Nimesikia ya ukumbini," Laurencia alisema. "Mama yako amesema kweli?"

"Kweli tupu."

"Na mimi siku zote namimina humu. Wewe mtoto, tunakula ugali sufuria moja, mbona hukuniambia?"

"Niliogopa, dada Laurencia."

"Na sasa?"

"Sasa nimeshafukuzwa. Nikiogopa tena, nitakuwa naogopa nini?" Kakenya alijifuta uso kwa kiganja. "Usimimine. Hawa ni wazee wetu. Wataondoka, na watakuwa na haki."

Laurencia yeye bado alikuwa na kazi ya kupoteza. Alivitazama vile vibuyu, akautazama mlango ambao bosi angeweza kuingia wakati wowote. Kisha akavisukuma kando vyote kwa mkono mmoja na kutandaza mabakuli meupe. "Akiuliza, mwambieni ni Laurencia," aliwaambia wasaidizi wake, akaanza kumimina.

Mabakuli yalipofika mezani, Bwana Vedasto aliyaona na damu ikamchemka. Hakuweza kufoka mbele ya wageni. Aliketi, akameza mate, akajiapiza kimoyomoyo kwamba jikoni hatabaki mtu. Mzee Lesiamon, kiongozi wa msafara, alilichungulia bakuli lake, akawageukia wenzake, wote wakatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Bwana Vedasto," alisema, "leo tutakula. Hoteli tuliyokwenda kwanza hatukula. Tuliletewa supu kwenye vibuyu vya maziwa, eti tunaheshimiwa. Hatukugombana na mtu. Tuliinuka wote, tukatoka. Pale hatutarudi, wala watoto wetu hatutawaruhusu waende. Tulipoona humu ukutani mmejaza vitu vyetu, tulihofu yatakuwa yale yale. Nani aliyewaelekeza ninyi?"

Kijiko cha Bwana Vedasto kilibaki hewani. Angeweza kusema ni yeye. Uongo ule ulikuwa umemfika hadi kwenye ulimi. Lakini Laurencia alikuwa amesimama mlangoni akimtazama, na nyuma ya dirisha geti lilionekana wazi, pamoja na mama mmoja aliyeketi juu ya mzigo wake.

"Ni mgeni," alisema hatimaye. "Mama wa Enguserosambu. Aliniambia jana, nikamcheka. Ameniambia tena leo mbele ya watu, nikamfukuza. Yuko pale nje."

Mzee Lesiamon aliweka kijiko chini taratibu. "Aliyetuokolea chakula yuko juani, nasi tunakula?"

Bwana Vedasto hakutuma mtu. Alitoka mwenyewe, akavuka ua hadi getini. Kakenya alikuwa amefika kwa mama yake, amevaa nguo zake za nyumbani. Sairowua alikuwa amesimama kando yao.

"Mama, nimekosa," Vedasto alisema. "Rudi ndani. Kakenya atatia saini leo hii."

Nalotuesha hakuinuka. "Muulize yeye kama anautaka mkataba wako. Mimi si mfanyakazi wako."

Vedasto aligeuka. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kumtazama msichana yule usoni. "Unautaka?"

"Naitaka kazi," Kakenya alijibu. "Lakini nikiona kosa nitasema, bosi. Na dada Laurencia asiguswe. Kama hayo hayawezekani, nakwenda nyumbani na mama yangu."

"Nami pia," Sairowua alidakia, akashangaa mwenyewe kuisikia sauti yake.

Bwana Vedasto aliwatazama watu hao watatu. Wazee walikuwa wamesimama dirishani wakingoja, na supu ilikuwa ikipoa. "Yanawezekana," alisema. "Msemapo nitasikiliza. Na vile vibuyu viondolewe vyote." Kisha akamgeukia Nalotuesha na kuinamisha kichwa. "Mama, umeniponya."

"Sikuja kukuponya," Nalotuesha alimjibu, akijikung'uta vumbi na kusimama. "Nilikuja kulala."

Akatangulia kuingia, kwa mlango wa mbele, nao wakamfuata. Kuja alikuja kulala, ndiyo, lakini aliyeamka ni mwenye hoteli; na hapo ndipo asiyesadiki atasadiki kwamba waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakukosea.