Mkunga Aliyeamriwa Kuleta Watoto

Palikuwa na sultani, jina lake Zakwani, aliyetawala mji wa Mwanakozi, na siku moja aliamka na hasira kwa sababu mji wake umezeeka. Si majumba, jamani. Watu. Alitoka barazani asubuhi akatega sikio. Hakusikia mtoto akilia, wala ngoma ya harusi. Alisikia kikohozi tu, kikianzia msikitini na kujibiwa sokoni. Askari wake wa lango alishika mkuki mkono mmoja na mkongojo mkono wa pili. Mpiga siwa wake hakuwa na meno. Akipuliza, hutoka upepo mtupu.

Sababu ya uzee ule kila mtu aliijua, isipokuwa mwenyewe. Sultani alikuwa akijenga kasri jipya, na kila kijana mwenye mabega alitwaliwa kubeba mawe bila ujira. Vijana wakachoka, wakatoroka mmoja mmoja kwenda bara. Na mabinti? Mabinti aliwaoa yeye. Sheria imempa wanne, naye sheria akiiheshimu sana: akimtamani wa tano, humwacha mmoja. Walioachwa walifungiwa nyumba ya nyuma ya kasri, maana ilikuwa marufuku kwa mwanamume yeyote kumwoa aliyewahi kuwa mke wa sultani. Na kwa wake wote hao, mtoto hakupata hata wa dawa. Ndevu zake alizipaka piko kila Ijumaa, zikawa nyeusi kama masizi ya chungu. Ole wake atakayemwita mzee!

Basi akamwita mkunga wa mji, Bi Mboja. Mjane huyu alikuwa fukara, kanga yake ina viraka juu ya viraka, ila ulimi wake haukuwa na kiraka hata kimoja. Siku hizo, kwa kukosa wazazi wa kuzalisha, alikuwa akiwakanda vikongwe migongo.

"We ajuza," sultani akasema, "kazi yako nini?"

"Mkunga, Mtukufu."

"Mbona basi watoto hawazaliwi?"

"Mkunga hudaka, Mtukufu. Harushi."

Watu barazani wakainamisha vichwa, kila mtu akatazama vidole vyake vya miguu.

"Mafumbo sitaki!" sultani akafoka. "Nakupa mpaka mwezi uandame. Lete watoto mjini. Ukishindwa, vikongwe wote mtatolewa nje ya lango, mkaishi porini na fisi. Mnakula, mnakohoa, na jiwe hata moja hamnibebei!"

Habari ikaenea. Mzee Faki, seremala aliyekuwa akichonga vitanda vya watoto na sasa anachonga mikongojo, akaja kwa Bi Mboja.

"Mke wangu hatembei, dada. Nitambeba mgongoni mpaka wapi?"

Bi Mboja akamshika mkono. Mzee Faki alipoondoka, mkunga akajifunika kanga usoni akalia. Kisha akafuta kamasi, akakaa akafikiri.

Mwezi ulipoandama, akapanda kasrini, na nyuma yake mji mzima ukichechemea.

"Watoto wako wapi?" sultani akauliza.

"Hakuna, Mtukufu."

"Basi tokeni!"

"Tutatoka. Ila masikio yangu ya kizee, naomba nisikie vizuri. Atoke nani?"

"Kila mzee asiye na mtoto wa kuuonyesha mji!"

"Bila kubagua?"

"Bila kubagua!"

"Hata mwenye cheo?"

"Hata awe kadhi! Hata awe waziri!" Waziri Shaali, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, akameza mate. "Wallahi, mzee ni mzee. Atatoka!"

"Tumeshukuru," Bi Mboja akasema. "Je, utatangulia wewe, Mtukufu, au tutangulie sisi?"

Hata vikohozi vilikoma.

"Mimi mzee?" sultani akanguruma. "Huzioni ndevu hizi?"

"Naziona, nyeusi tititi. Kumbe wewe ni kijana?"

"Barobaro!"

"Alhamdulillahi! Barobaro, nyumba ya mbele imejaa wake, ya nyuma imefurika walioachwa, na mimi mkunga sijabishiwa hodi hata siku moja. Sasa chagua, Mtukufu. Ukiwa mzee, hayo ni majaliwa ya Mungu, hakuna atakayekucheka. Funga virago twende zetu porini. Lakini ukiwa kijana, watu wote hawa wamekuja. Waeleze una nini."

Sultani akamtazama waziri. Waziri akatazama dari. Nyuma ya dirisha la kimia mwanamke mmoja akacheka, akapokewa na wa pili, mara nyumba yote ya nyuma ikaangua kicheko.

Sultani akamvuta Bi Mboja pembeni. "Unataka nini, we mama?" akanong'ona. Mara hii hakusema ajuza.

"Wazee wabaki majumbani mwao. Mawe yabebwe kwa ujira. Na wanawake uliowafungia watoke, waolewe na wawatakao. Vijana wakisikia hilo, watarudi mbio zaidi kuliko walivyokimbia."

Sultani akasimama mbele ya watu, akayatangaza yote matatu, jasho la piko likimchuruzika shingoni. Mzee Faki akageuka palepale, akachechemea nyumbani kumpa mkewe habari.

Kisha sultani akamwinamia tena mkunga. "Lakini nimeapa mbele ya watu. Mwezi umeandama na mtoto hukuleta. Niwaambie nini?"

Bi Mboja akapaza sauti hadi askari wa lango akasikia:

"Waambie nimeleta mmoja, Mtukufu! Ana ndevu, lakini ndiyo kwanza amezaliwa leo!"